Kwa nini tunamkwepa daktari wa akili

Wifi yangu alipojifungua, siku ya nne hakupata usingizi. Usiku kucha alikunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja tena, huku akiongea haraka haraka maneno yasiyoungana. Ndugu wakakaa kikao. Mmoja alipotaja daktari wa akili, shangazi alimkatiza: "Mnataka aitwe mtu wa Mirembe?" Yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Basi akapelekwa kwa mnasihi, yaani mshauri anayesaidia watu kwa mazungumzo, mama mpole, msikilizaji mzuri. Zikapita siku tisa.

Mnasihi simlaumu. Kwa aliyefiwa, aliyeachika au aliyebanwa na madeni mpaka halali, mazungumzo ni tiba hasa, si kitulizo cha kusubiria dawa. Zimbabwe, tangu 2006, akina bibi waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, zilipungua kweli. Tena ni haki kulalamika kwamba daktari bingwa humwona mtu dakika chache, akaandika dawa, akaita mwingine. Mabingwa ni wachache, foleni ni ndefu.

Ila huyo tunayemwita daktari wa vichaa amesomea mwili mzima kabla ya kubobea kwenye akili. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango, mtu huchoka, hunenepa, hukosa raha ya jambo lolote. Ukimsikiliza utasema ni sonona. Kinachotofautisha ni kipimo cha damu, na mnasihi haagizi vipimo.

Kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Kichaa cha uzazi humpata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, na kwa sababu hiyo huitwa ugonjwa wa nadra. Nadra kwa nani? Hospitali inayozalisha akina mama 1,000 kwa mwezi, kwa wastani kila mwezi ina angalau mama mmoja wa namna hiyo, na huenda ikamruhusu arudi nyumbani. Ugonjwa huanza ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, mzazi akiwa bado anakandwa kwa maji ya moto na wanaomwona ni bibi na majirani. Anaweza kujidhuru, anaweza kumdhuru mtoto. Akiwahi dawa, wengi hupona kabisa. Kwa hiyo siku tisa ni nyingi mno.

Anayesikia sauti, anayekesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu, anayetaja kujiua, mzazi aliyebadilika ghafla: hao waanzie hospitali, hata ya wilaya isiyo na bingwa, maana daktari wa kawaida anaweza kuanza matibabu na kuandika rufaa. Wengine wengi wanaweza kuanza kwa mnasihi, na mnasihi anayeijua kazi yake atawapeleka mbele inapobidi.

Wifi alifikishwa hospitali ya mkoa siku ya kumi na tatu, akalala usingizi wa kweli wiki iliyofuata. Mtoto sasa anatembea. Kwa yule mnasihi bado anakwenda, kuzungumzia zile siku ambazo nusu yake hazikumbuki.