Mlei kuigiza padre: mpaka uko wapi?

Ijumaa Kuu ikikaribia, VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, katika parokia nyingi za Tanzania hutafuta kijana wa kuigiza Yesu kwenye Njia ya Msalaba, na hakuna anayehoji. Kijana huyohuyo akionekana kwenye tamthilia ya runinga amevaa kanzu na stola, ule utepe wa kipadre wa shingoni, minong'ono inaanza: mlei, muumini wa kawaida asiye padre, kapata wapi ruhusa ya kuwa padre? Ajabu kidogo. Yesu anaigizika, paroko haigiziki.

Wanaolalamika wana hoja, hasa pale sakramenti zinapoguswa. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1379 kama ilivyorekebishwa 2021, zinamwadhibu asiye padre anayejaribu kuadhimisha Misa au kuungamisha watu. Kanuni ya 1171 nayo inakataza vitu vilivyobarikiwa kwa ajili ya ibada kutumika kwa mambo ya kidunia. Basi kuazima kalisi, kikombe cha Misa, kutoka sakristia, chumba cha vifaa vya ibada, kwa ajili ya kichekesho ni kosa, hata kama mtunza sakristia ni binamu yako.

Ila mwigizaji hajaribu kuadhimisha chochote. Hana daraja la upadre, hana nia, na mkate ulio mbele ya kamera unabaki mkate. Kwa kweli angeitwa padre halisi aigize Misa hiyo ndipo utata ungezidi, maana yeye uwezo wa kuadhimisha kweli anao.

Watetezi wa uigizaji hupenda kisa cha Alec Guinness, Mwingereza aliyecheza padre katika filamu ya 1954. Jioni moja huko Burgundy, Ufaransa, akirudi alikofikia akiwa bado na kanzu ya filamu, mtoto wa kijijini alimwita padre, akamshika mkono na kutembea naye akipiga soga. Guinness alinyamaza, akihofia Kifaransa chake kibovu kingemtisha. Imani ile ya mtoto ilimgusa sana. Mwaka 1956 akapokelewa katika Kanisa Katoliki.

Kisa kizuri, lakini hebu kisome ukiwa mzazi wa yule mtoto. Kampa mkono mwanamume asiyemjua kwa sababu ya vazi tu, na vazi lenyewe la kuazima. Baada ya kashfa za mapadre kunyanyasa watoto, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo mlei na aigize, hata padre mlevi au mwizi kama hadithi inadai. Kamera ikizimwa, kanzu ivuliwe palepale, kabla hajaenda kununua vocha dukani. Na akitokea mama anayeomba kuungama, aambiwe ukweli kabla hajataja dhambi ya kwanza.