Hapakuwa na Punda

Nianze na punda, maana najua ndiye aliyewaleta hapa. Hapakuwa na punda. Rafiki yangu aliyewatumia ule ujumbe wa "gari la spoti lavutwa na punda Likoni" hakuwa hata kwenye feri ile ya Likoni, hapa Mombasa. Alikuwa bado ng'ambo ya kisiwani, kwenye basi la wapiga dufu, na amesimulia aliyosimuliwa. Ukweli ni kwamba nilisukumwa na watu wa mikokoteni. Mkishamaliza kusoma mtaona afadhali angekuwa punda.

Gari mnalijua. Tangu literemshwe bandarini Kilindini nimelipiga picha mpaka mkaniambia basi. Jekundu, milango miwili, viti viwili na nyuma pa kuweka dhambi zako tu. Kampuni iliyolitengeneza nimekatazwa kuitaja na binamu yangu anayesomea sheria, yuko mwaka wa pili. Lilitoka Japani, na ndani mna mwanamke anayezungumza Kijapani kila ukiwasha injini. Sikuwahi kujua anasema nini, ila ana sauti ya adabu sana, nikajua ni maamkizi. Miezi mitano kila asubuhi nimemwitikia: "Wa alaykum salaam, mama."

Sasa Ijumaa binamu yangu mwingine, si wa sheria, alikuwa akiozwa Likoni baada ya alasiri. Nani atampeleka bwana harusi? Mimi. Nani alimwomba? Hakuna.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nikatoa darsa barazani. Nikawaambia wazee wa watu wanaokunywa kahawa yao kwamba hii si oto ya kawaida, ya kujibadilishia gia tu, hii ina klachi mbili za kuunganisha injini na gia. Kwamba mtu wa kwanza kuiwaza ni Mfaransa, Adolphe Kégresse, mwaka 1939. Kwamba Porsche waliijaribu kwenye magari ya mashindano miaka ya 1980, ile 956 na 962. Kwamba gari la kwanza kuuzwa nayo madukani lilikuwa Volkswagen Golf R32 mwaka 2003, na Bugatti Veyron nayo inatumia klachi mbili. Ami akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Huyo Mfaransa amewahi kuvuka feri?"

Watu wakacheka. Akaendelea kwa upole: "Mwanangu, achana na feri, pita Dongo Kundu. Barabara pana, hakuna kusimama-simama, utafika na jasho lako ndani ya mwili."

Na hapa niseme kweli, kwa kuwa nishaaibika vya kutosha. Dongo Kundu niliikataa kwa sababu moja tu: huko nani angenitazama? Mikoko? Nilitaka Likoni, pale watu wanapovuka kwa maelfu kwa miguu. Nilitaka hadhira. Nikaipata.

Tukafika kivukoni jua linawaka. Foleni ikaenda nusu mita, ikasimama. Nusu mita, ikasimama. Bwana harusi pembeni yangu, joho limemjaa mapajani, kilemba kinagusa dari, jambia linamchoma ubavu kila nikigusa breki. Kijana wa feri mwenye koti la kung'aa alipoliona gari akalipanga mbele kabisa, pua yake imeelekea mlango wa chuma. Nikamwona ni mtu mwenye macho.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mnaovuka kila siku mnajua maana yake: ule mteremko wa kupandia nchi kavu unakuwa mlima.

Mlango ukashuka. Watu wakamwagika mbele yangu kama mchele uliotoboka gunia. Nikapanda kidogo, watu wamejaa, nikasimama. Sasa mtu mwenye akili angekanyaga breki. Mimi nilijifunzia kwenye pikapu ya marehemu babu, na mlimani pikapu ile tulikuwa tunabalansi: mafuta kidogo, klachi nusu, gari linaning'inia palepale bila breki, mwalimu anakusifu. Nikabalansi. Gari la klachi mbili, zinazoendeshwa na kompyuta, nikalining'iniza mlimani kwa mafuta kama pikapu. Nikapanda hatua moja, nikabalansi. Hatua nyingine, nikabalansi.

Bwana harusi akanusa hewa. "Kuna mtu anachoma nywele?"

"Ni feri," nikasema.

Kwenye dashibodi ukatokea mchoro wa gurudumu lenye meno, jekundu, na chini yake mistari miwili ya Kijapani. Niliuona vizuri sana. Nikafikiri: ahaa, siku ya Ijumaa, labda anatutakia baraka.

Kisha namba ya gia, ile 1, ikaanza kupepesa. Ikapotea. Ikaja 2. Gari likashtuka, likapanda kama kifua cha mtu mwenye kwikwi, likasimama. Nikakanyaga mafuta. Injini ikalia. Gari halikwenda. Nikakanyaga zaidi, ikalia kwa sauti ile niliyoilipia pesa zote zile, sauti ya mashindano, na mashine haijasogea hata upana wa kashata.

Abiria waliokuwa mbele wakaruka pembeni. Wakageuka. Na hapa, wallahi, wakashangilia. Walidhani naonyesha. Kijana mmoja akainua simu: "Kaka, tena! Tena!" Mama mwenye kapu la samaki kichwani akachungulia dirishani, akaliona joho na kilemba, akapiga kigelegele. Wengine wakakipokea. Feri nzima ikawa inampigia vigelegele bwana harusi, na bwana harusi anatabasamu kwa meno huku ananiuliza kwa pembe ya mdomo:

"Mbona hatuendi?"

Nikazima, nikawasha tena, maana ndivyo tunavyofanya na simu. Mwanamke wa Kijapani akasema neno lake.

"Anasemaje?"

"Anasema twende."

"Basi twende!"

Gari likaenda. Nyuma. Polepole, kwa adabu, kuelekea tuktuk iliyobeba kreti za soda. Dereva wa tuktuk alipiga honi moja, kisha akaiacha honi akaanza kusoma shahada. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Vigelegele vikakatika. Ukimya ule bado nausikia nikilala.

Na katika ukimya ule akanipita mzee na mkokoteni wake. Mkokoteni una magunia ya viazi, sikuhesabu, lakini yalikuwa marefu kumshinda. Yeye miguu miwili, malapa, mishipa ya shingo imesimama, injini yake labda chapati mbili na chai ya asubuhi. Akapanda mlima wote bila kubalansi. Alipofika juu akaegesha, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akageuka kunitazama. Hakucheka. Ingekuwa afadhali acheke.

Hebu nisimamishe hapa niwaeleze alivyonieleza fundi, kwa sababu kuna wanaosema nilitapeliwa gari bovu. Klachi mbili, akasema, ni kama feri mbili. Moja ikishusha upande huu, nyingine ishapakia upande ule, inangoja zamu tu. Ndiyo maana gia inabadilika kabla hujapepesa jicho. Moja imebeba gia za witiri, 1, 3, 5, 7, na kwa hili langu na rivasi humo humo. Ya pili imebeba za shufwa, 2, 4, 6. Sasa zipo aina zinazoogelea katika mafuta, mafuta yanazipoza, na zipo kavu. Langu ni kavu. Katika barabara ya wazi haina neno. Kwenye kusota-sota kwa nusu mita, halafu ukaja kuibalansi mlimani, inajisaga bila kushika sawasawa, na joto halina pa kwenda. Kompyuta ikaona ile ya kwanza inaungua, ikaitoa kazini. Mzigo wote ukaangukia ya pili, inalazimishwa kuanza mlima kwa gia ya 2. Na mnajua wenyewe feri moja ikiharibika hiyo nyingine inakuwaje.

Turudi pale. Mzee wa viazi akashuka na wenzake wawili.

"Kijana, weka frii."

Nashukuru frii ilikubali.

"Elfu mbili."

"Kwa hapo tu?"

Akaitazama feri. Akanitazama. Honi ya feri ikalia, na mabasi nyuma yangu yakaitikia. Nikasema elfu mbili sawa.

"Na huyo bwana ashuke, ana uzito."

Kwa hiyo bwana harusi wetu akaingia Likoni kwa miguu, jambia kiunoni, joho ameliinua lisichafuke, amezungukwa na umma wa watu wasiomjua ambao sasa wameanza kuimba. Mimi nyuma yake nashika usukani wa gari lililozimwa, maua yamebandikwa kwenye boneti, watu watatu wanalisukuma huku wakiitana "Haya! Twende! Haya!" na mmoja wao anauliza mwenzake kwa sauti, si kwa ubaya, alitaka kujua tu: "Hili ni la bei gani?" Mwenzake akamjibu: "Hili? Hili elfu mbili."

Yaliyobaki ni mafupi. Bwana harusi akapata tuktuk, ndiyo, ile ile ya soda. Ndoa ikafungwa, imechelewa dakika arobaini. Mimi nikafika pilau imebaki ukoko. Gari likabebwa mgongoni mwa lori mpaka gereji, kwa Dongo Kundu. Tupu, pana, mikoko pande zote mbili. Nzuri sana.

Jana nikaenda kutazama. Fundi ameishusha giaboksi, sahani ya klachi ya kwanza imeungua mpaka imegeuka rangi ya bluu, kama shingo ya tausi. Bei aliyonitajia sitaiandika, mama yangu anasoma hapa. Akawasha umeme ili apime kwa kompyuta yake, na mwanamke wa Kijapani akatoa neno lake. Nikaitikia kwa mazoea.

Kijana wa fundi akainua kichwa kutoka chini ya gari jingine.

"Unamwitikia nani?"

"Si ananisalimu?"

"Kaka, huyo anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara. Za Japani. Magari mengi ya huko yanasema hivyo."

Niligeuka nione kama kuna aliyesikia. Ami alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, mabega yanamtikisika. Kwa hiyo na hili mtaletewa kesho. Angalieni tu, atatiwa punda.