Nahodha Haachi Chombo

"Umeona, mjomba, gari lilivyochangamka?" Mjomba alimaanisha pikapu yake imenyanyua makalio. Tulikuwa Mwanza, tunatoka Kirumba kwenda Igombe na boti ya faiba juu ya tela la ekseli moja, jumla kama kilo 700 pamoja na mafuta. Pipa la petroli la lita 200, kilo 150 hivi, lilikuwa ndani ya boti, nyuma karibu na injini yake. Nyuma ya pipa alikaa nahodha mwenye kilo 80, aliyegoma kushuka kwa sababu nahodha haachi chombo.

Tela linatakiwa kuilalia gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kwa letu ni kilo 70 hadi 105 juu ya lile tufe la nyuma ya gari, tela linapofungwa. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, mkono wa tela, kile chuma cha mbele kinachoshikana na gari, unavutwa juu, tairi za nyuma za gari hazishiki lami vizuri, na mwendo ukiongezeka mkia unaanza kujichagulia njia.

Wetu ulichagua baada ya Pasiansi. Kushoto, kulia, kila mara kwa upana zaidi. Mjomba akaitafuta breki.

"Usikanyage! Toa mguu kwenye mafuta, usukani unyooshe tu!"

Breki ya ghafla hupunguza mwendo wa gari huku tela likiendelea kulisukuma, na hapo ndipo vyote viwili hukunjana. Nahodha naye alikuwa anaamrisha huko nyuma: "Kata wimbi! Kata wimbi!"

Likatulia, tukasimama. Kabla sijaweka mawe kwenye tairi, mjomba akafungua kifungio. Mkono wa tela ukapaa, mkia wa boti ukagonga vumbi, nahodha akabaki amekumbatia pipa.

Tukaazima mzani kwa mama muuza dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnapima boti kwa kilo?"

Tela liwe limelala sawa, tairi zimezuiwa, mkono ukae juu ya gogo kwenye mzani, kimo kilekile cha tufe, na nahodha awe chini. Hili la mwisho lilihitaji majadiliano. Mzani ukasoma 15.

"Kilo 15 tu? Niuzieni, nalipa kwa dagaa."

Mjomba kwa hasira akalisukuma pipa hadi puani: 131. Pikapu ikachuchumaa, taa zikamulika vilele vya miembe. Huo nao ni ubaya, maana tairi za mbele zikipungukiwa uzito, usukani na breki hulegea.

Kutoka ekseli hadi kifungio ni mita 3.5, hivyo kulisogeza pipa nusu mita kulibadilisha kilo 21 kwenye mzani. Tukalirudisha hadi sentimita 30 mbele ya ekseli: 79. Tukalifunga kamba mbele na nyuma lisiteleze, tukapishanisha minyororo ya usalama chini ya mkono wa tela.

Nahodha akaambiwa kwamba akipanda tena nyuma ataondoa kilo 46 kati ya hizo 79. Akakodi bodaboda, akavaa jaketi la kuokolea, akatufuata hadi Igombe akituamrisha kwa filimbi.