Wapelekeni Watoto Mtoni

Tangu nihamie huku ughaibuni, nimekuwa nikilinganisha mengi na ya nyumbani, lakini linaloniuma zaidi ni namna tunavyowafundisha watoto habari za uchafuzi wa maji. Nyumbani tulikaririshwa: maana yake, sababu zake, athari zake, namna ya kuuzuia. Ukizipanga vizuri kwenye mtihani unapata alama zote, na mto unaopita nyuma ya shule unaendelea kunuka vilevile.

Huku niliwahi kulisindikiza darasa la mwanangu mtoni. Mwalimu alibeba wavu, beseni jeupe na kioo cha kukuzia, basi. Watoto walitibua mawe kwa miguu, wavu ukiwa umetegwa upande wa chini wa mkondo, kisha wakamimina walichonasa ndani ya beseni. Mle wakaona mabuu bapa yenye mikia mitatu, matamvua yakipepea ubavuni. Hayo hayastahimili maji yenye oksijeni kidogo, kwa hiyo ukiyakuta kwa wingi, mto una afya. Ukikuta vijibuu vyekundu na minyoo ya tope peke yake, kuna kitu kinamwagwa huko juu. Wekundu ule ni wa hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, ambayo husaidia kunasa hata oksijeni iliyo haba. Nilimsikia mtoto akimweleza mwenzake hayo yote bila kutazama daftari.

Hapo hapahitaji maabara. Hata kupima uangavu wa maji ziwani kunafanyika kwa kisahani kilichofungwa kamba: unakizamisha mpaka kisionekane, unasoma urefu wa kamba. Padri Angelo Secchi wa Italia alianza kukitumia mwaka 1865 na wanasayansi bado wanakitumia.

Sisemi tuige kila kitu. Penye konokono wa kichocho mtoto asitie mguu majini. Wavu ufungwe kwenye mpini mrefu, avue akiwa ukingoni. Na huku nako kuna kasoro kubwa. Watoto wengi hawajawahi kutegemea maji ya mto maishani mwao, hivyo matokeo yao huishia kwenye faili. Mtoto wa nyumbani anayechota maji anajua saa yanapobadilika rangi na wapi yananuka. Huo ni ujuzi, na shule zetu zinauacha nje ya mlango.

Kuna jingine linalonikera. Kwenye madaftari yetu mchafuzi mkuu ni mama anayefulia mtoni. Kiwanda chenye bomba hutajwa kwa sentensi moja, mbolea ya mashambani pengine isitajwe kabisa. Ilhali naitrojeni na fosforasi za mbolea hiyo zikisombwa na mvua hurutubisha mwani, mwani ukifa bakteria wanaouozesha hula oksijeni, na alfajiri samaki wanaelea. Mwanafunzi akiuelewa mnyororo huo, hawezi tena kumlaumu mama wa watu peke yake.

Wapo watakaosema mito yetu imeshakufa, haina la kufundisha. Mto Thames wa London ulitangazwa umekufa mwaka 1957, kwa majitaka. Leo una samaki wa aina zaidi ya 100, kwa sababu mitambo ya kusafisha majitaka iliboreshwa na viwanda vikabanwa na sheria. Bado mvua kubwa ikinyesha majitaka hufurika humo, na hilo pia watoto waambiwe.

Walimu wa nyumbani, anzeni na sehemu mbili za mto: kabla maji hayajafika kwenye bomba linalomwaga uchafu, na baada ya kulipita. Hesabuni wadudu sehemu zote mbili, kila muhula, mwezi uleule. Andikeni tarehe, na nakala ifike mamlaka ya maji na serikali ya mtaa. Wavu ushoneni kwa kitambaa chepesi cha pazia. Msitumie chandarua chenye dawa, maana dawa ile huua wadudu walewale mnaotaka kuwahesabu.