Msiseme alijitakia

Siku tuliyomzika baba mdogo kule Uru, Moshi, nilikaa chini ya turubai nyuma ya wazee watatu ninaowaheshimu tangu utoto. Mvua ilinyesha asubuhi, udongo wa kihambani, yaani shamba la ukoo, ulikuwa umeganda kwenye viatu vya kila mtu, na kina mama walikuwa wanapitisha sahani za ndizi nyama. Mzee mmoja akapokea sahani yake, akaiweka juu ya goti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyu naye alijitakia mwenyewe. Sigara aliambiwa." Wenzake wakatikisa kichwa kukubali, wakaendelea kula.

Miaka minne imepita na neno hilo bado ninalo kifuani.

Ninalo kwa sababu katika kihamba hichohicho, hatua chache kutoka kaburi lile jipya, amelala bibi yangu. Bibi hakuvuta sigara hata siku moja. Alipika kwa kuni, mafiga matatu, kwenye jiko lisilo na dirisha, kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwisho wake alikuwa anahema kama mtu anayepandisha mlima na mzigo kichwani, huku amekaa kitandani. Daktari alituambia mapafu yameharibiwa na moshi wa jikoni. Msibani kwake watu walilia, wakasema ametulea kwa shida, ameteseka kwa ajili yetu. Hakuna aliyesema alijitakia. Wote wawili waliuawa na moshi, lakini mmoja tulimlilia na mwingine tulimhukumu kabla udongo haujakauka.

Utaniambia bibi hakuwa na uchaguzi, baba mdogo alikuwa nao. Sawa. Basi tuangalie alichagua nini, na alichagua lini.

Alianza akiwa na miaka 17. Alikuwa utingo wa malori yaliyokuwa yakishusha mizigo Tanga, safari za usiku, na kazi ya utingo ilikuwa kuhakikisha dereva hasinzii. Dereva akiwasha fegi, anamwashia na kijana wake. Nikotini, kilevi kilichomo kwenye tumbaku, ikivutwa kwa moshi hufika kwenye ubongo katika sekunde kama 10 tu, na ubongo wa kijana wa miaka 17 bado unajengeka. Huo ndio uchaguzi wenyewe: mtoto wa watu, usiku wa manane, mahali fulani kati ya Same na Korogwe, akipewa sigara na mtu mzima aliyemwamini.

Na aliacha. Hilo wale wazee hawakulisema. Aliacha kila Kwaresima. Miaka mingine alishindwa kabla wiki ya kwanza haijaisha, lakini mwaka mmoja, akiwa na miaka 50, alifika mpaka Jumapili ya Matawi bila kugusa hata moja. Alikuwa anatetemeka mikono, anagombana na kila mtu, halali. Jumatatu Kuu akarudi. Mimi nilikuwa mkubwa wakati huo na nakumbuka tulivyomcheka, kwamba ameshindwa kumsubiri Bwana Yesu siku saba. Leo najua kwamba katika watu 100 wanaojaribu kuacha wenyewe, bila dawa wala ushauri, ni kama 3 hadi 5 tu ambao baada ya miezi sita hadi mwaka bado hawajarudia. Vibandiko na jojo za nikotini huongeza idadi hiyo, lakini hakuna aliyemtajia kwamba vitu hivyo vipo. Sisi tulichompa ni kicheko.

Mwingereza Richard Doll na wenzake walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, na mwaka 2004 wakatoa matokeo ya miaka 50. Mvutaji wa kudumu alipoteza kwa wastani miaka kama 10 ya maisha. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote. Aliyeacha na miaka 40 alirudisha kama 9, na 50 kama 6, na hata aliyeacha na miaka 60 alipata kama 3. Nilipoisoma hesabu hii nilikwama kwenye ile 6. Miaka sita ilikuwa mezani Jumapili ile ya Matawi, na sisi tulikuwa tunacheka.

Baada ya hapo alianza kujificha. Alivutia nyuma ya migomba, akirudi ana pipi kifua mdomoni, na sote tukijifanya hatusikii harufu. Alipoanza kukohoa alikohoa miezi minane bila kwenda hospitali. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia aliwahi kwenda zahanati fulani kwa ajili ya goti, mhudumu akasikia harufu ya sigara, akamsema mbele ya foleni nzima kama mtoto wa shule. "Nikienda na kifua, swali la kwanza litakuwa sigara. Nikishajibu, hakuna atakayenisikiliza tena." Alipokubali kwenda, walipima makohozi wakitafuta kifua kikuu, hakikuwepo. Picha ikaonyesha saratani, na ilikuwa imeshasambaa.

Sisi watu wa Moshi hatukupaswa kufundishwa upya somo hili. Nilikulia hapa miaka ya tisini, wakati neno "amekonda" lilikuwa linasemwa kwa kunong'ona. Mtu akipungua kidogo tayari amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI, kikombe chake kinatengwa, na watoto wake wanaambiwa shuleni. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, jirani yetu mmoja alikuwa anapanda basi kila mwezi mpaka Arusha kuchukua dozi yake, kilomita themanini na kitu kwenda, themanini kurudi, ili asionekane kwenye foleni ya hapa. Miezi ambayo nauli ilikosekana, dozi nayo ilikosekana. Neno unyanyapaa tulilijifunza kwa gharama hiyo. Tulilisoma kwenye mabango, tukaliimba kwaya, kisha tukalifunga kabatini kana kwamba lilikuwa la ugonjwa mmoja tu.

Katika miaka hiyohiyo, kunenepa ndiko kulikokuwa usalama. "Umenenepa! Hela imekaa!" ilikuwa salamu ya heri. Na kwetu Uchagani jambo hili lina mizizi ya zamani zaidi. Mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu, anapikiwa mtori wa nyama na siagi, anakatazwa kushika jembe. Akitoka amenawiri, ukoo wa mume unasifiwa. Akitoka amekonda, mama mkwe ataulizwa sokoni alikuwa anamlisha nini mtoto wa watu. Dada yangu mkubwa alikaa uzazi mara nne. Mara zote nne tulimpelekea mtori, tukampongeza kwa mashavu. Kisha siku moja, sijui ilitangazwa wapi, mwili uleule tuliousifu ukawa kosa lake. Makonda wa daladala wanamwambia alipe siti mbili. Vijana wa bodaboda wanamwita bonge. Shemeji anatania mezani mbele ya watoto.

Takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba mwaka 2004/05 wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Sasa anayeamini kwamba unene ni uvivu na ulafi anijibu: je, ndani ya miaka kumi na moja wanawake wa nchi nzima waliingiwa na uvivu kwa pamoja? Nionavyo mimi, kilichobadilika ni mji. Mama yangu alishuka na kupanda mlima kwa miguu, na ndizi kichwani, kila siku ya gulio la Kiborloni. Leo bodaboda inakufuata mpaka mlangoni, kabati la chipsi liko kila kona, soda inapatikana kuliko maji safi, na kazi ya mtu ni kukaa dukani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Dada anauza vitambaa. Anakaa kwenye stuli masaa kumi na mawili.

Halafu kuna mwili wenyewe, ambao una ukaidi wake. Mwaka 1994 watafiti Marekani waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Ukipungua, leptini inashuka, njaa inapanda, na mwili unabana matumizi ya nguvu kama mtu aliyeona ukame unakuja. Ndiyo maana wengi hupungua kilo kumi na kuzirudisha zote. Anayepita barabarani haoni vita hivyo, anaona kiuno tu.

Kuhusu dada, jambo lililoniuma zaidi ni hili. Alikwenda kliniki moja hapa mjini kwa sababu ya kiu isiyoisha na ganzi ya miguu. Mizani ilikuwa koridoni, kando ya mabenchi ya wagonjwa. Akapanda. Muuguzi akasoma kwa sauti: "Mia moja na nne! Mama, kwani unakula nini?" Benchi zima likacheka. Dada akashuka, akavaa viatu vyake, akachukua mkoba, akaenda nyumbani. Hakurudi kwa miaka miwili. Stendi kuna kijana mwenye mashine ya kupimia inayoita watu kwa kipaza sauti, karibu upime uzito, karibu upime urefu, kutwa nzima. Dada alikuwa anavuka barabara akikaribia pale. Tulipompeleka hatimaye, tukiwa tumemshika mikono, sukari ya damu ilikuwa imepanda mpaka 19.

Yule muuguzi sidhani kama alikuwa na roho mbaya. Aliamini kwamba aibu ni dawa. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha UCL cha London walichapisha utafiti wa watu wazima karibu 3,000 waliofuatiliwa kwa miaka minne: waliosema wamebaguliwa kwa sababu ya uzito waliongezeka kilo, na ambao hawakubaguliwa walipungua kidogo.

Niseme wazi, maana najua nitakavyosomwa: sisemi mtu hana wajibu. Dada ana wajibu wa kumeza vidonge vyake, kutembea, kupunguza wali na soda, na hakuna wa kumfanyia hayo. Na sigara siiweki fungu moja na unene, kwa sababu unene wa mtu haunigusi mimi, moshi unanigusa. Moshi wa wengine unaua zaidi ya watu milioni 1 duniani kila mwaka. Nikimwambia mtu atoke nje na fegi yake, au asivute ndani ya gari lenye watoto, hapo simnyanyapai. Namwomba anachodaiwa.

Lakini tuwe wakweli pia kwamba tumbaku si kitu tunachokihukumu kweli. Meku, mzee wa Kichagga, akitoa kikopo chake cha ugoro sokoni anasogezewa kigoda. Mwanamke akionekana na sigara mjini, jina lake limekwisha, na jina hilo halina uhusiano wowote na mapafu yake.

Baba mdogo alikuwa ananituma fegi nikiwa na miaka minane. Ananipa sarafu, nakimbia mpaka kioski cha barabarani, narudi na mbili nimezishika kwa vidole viwili ili zisivunjike. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18, na bado jana nimeona mtoto wa sare ya shule ya msingi akitumwa vilevile. Wiki za mwisho nilikuwa nakaa naye jioni, nikimshika mgongo akikohoa. Sikuwahi kumsema tena. Jioni moja, bila kuulizwa, akaniambia: "Nilikuwa nakutuma sigara ukiwa mdogo. Nilikosea sana, mwanangu." Akaniomba niwaite watoto wake wawili wa kiume wanaovuta. Wakaja, wakakaa pembeni ya kitanda. Aliwaeleza kila kitu, kuanzia lori la Tanga. Mmoja ameacha, mwingine anajaribu. Huo ulikuwa wajibu wake na aliubeba, akiwa na kilo zisizofika hamsini, mara tu alipopata watu wa kukaa naye bila kumkaripia.

Dada sasa anahudhuria kliniki nyingine. Mizani yao iko nyuma ya pazia. Siku ya kwanza muuguzi aliandika namba bila kuitamka, akamgeuzia daftari aone mwenyewe, akamuuliza, "Dada, wewe unaona unaweza kuanza na nini?" Dada akafikiri, akasema kutembea. Wali hawezi kuuacha kwa mara moja. Muuguzi akaandika: kutembea.

Kwa hiyo Jumamosi tunatembea wote, kutoka Majengo mpaka soko la Memorial, kisha tunazungukia stendi kurudi. Jumamosi iliyopita hakuvuka barabara. Alisimama mbele ya yule kijana wa mashine, akavua kandambili, akamwambia, "Zima sauti kwanza, mdogo wangu." Kijana akazima.