Kura ya kwanza Dodoma si deni la shukrani

Kila msimu wa uchaguzi lawama ni ileile hapa Dodoma: vijana wanaopiga kura kwa mara ya kwanza hawana shukrani, wanafuata mkumbo wa mitandaoni. Wazee wanaosema hivyo wana hoja. Mji ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, wakasubiri zaidi ya miaka 40 hadi Serikali ikaanza kuhamia kweli 2016. Kwao Mji wa Serikali wa Mtumba na treni ya SGR ni ahadi iliyotimia, na kuipigia CCM ni kulipa fadhila. Wapo pia vijana wanaokubaliana nao. Aliyepata kibarua kwenye ujenzi wa Mji wa Serikali hahitaji kubembelezwa.

Lakini aliyetimiza miaka 18 mwaka 2025 alizaliwa 2007, mwaka ambao Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilianzishwa. Hayo yote ameyakuta. Anachouliza ni bei ya zabibu Hombolo na mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kuwakopesha vijana ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata, na bado hapati kitu asipokuwa na kikundi kilichosajiliwa. Anayeuliza hivyo huitwa mpinzani, wakati yeye hata kadi ya chama hana.

Kisha huja lile la uvivu, kwamba vijana hawajitokezi. Tutazame hesabu. Mwaka 2015 walioandikishwa walikuwa milioni 23 na ushei, wakapiga kura takriban milioni 15.6. Mwaka 2020 daftari lilipita milioni 29, kura zikawa takriban milioni 15.1. Yaani daftari limeongezeka watu zaidi ya milioni 6, kura zimepungua karibu nusu milioni! Nani alibaki nyumbani, hesabu hizi hazisemi. Huenda ni wazee hao hao wanaolalamika. Ila 2015, Lowassa alipoihama CCM na kugombea urais kwa mwavuli wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, mahudhurio yalifika asilimia 67, kutoka asilimia 43 mwaka 2010. Watu hutoka panapokuwa na mashindano. Na huo mwaka 2010 vyuo vilifunguliwa baada ya uchaguzi, wanafunzi waliojiandikisha chuoni wakakosa vituo vyao. Huo nao tuuite uvivu?

Mahudhurio makubwa yaliyotangazwa 2025 hayanisaidii kupima. Chadema haikuwamo kwenye karatasi ya kura, jina la Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, liliondolewa, na waangalizi wa SADC walisema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao. Kijana aliyepiga kura ya kwanza siku hiyo anapenda chama gani, bado hatujui, na anayejifanya kujua, awe wa kijani cha CCM au wa upinzani, anabahatisha.