Mapishi ya Idi Yatolewe Mazima

Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, simu yangu haitulii. Atapiga binamu yangu aliyeko Lushoto, atapiga mke wa kaka, na mwaka huu kapiga msichana niliyewahi kufanya naye kazi, kaolewa juzi juzi na hii ndiyo Idi yake ya kwanza akiwa na jiko lake mwenyewe. Kila mmoja ana salamu zake na habari zake, lakini swali huwa lile lile: "Dada, shikamoo. Ule mkate wa kumimina, hamira unatia kiasi gani?"

Nami hujibu: kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, si cha kilima, kwa mchele vikombe viwili. Kisha naendelea hatua kwa hatua mpaka mwisho, hata kama futari yangu mwenyewe iko motoni. Sitaki mtu akate simu akiwa na nusu ya pishi.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Siku mbili tatu kabla ya Idi, mtaa mzima ulinukia iliki na samli. Ukikatiza uani kwa watu unakuta masinia ya vileja yamepangwa juu ya mkeka na mtoto kawekwa hapo kufukuza kuku. Kila nyumba ilikuwa na kitu chake kinachotajwa: hawa tambi, wale kaimati, wa pembeni visheti ambavyo hata wiki ikipita bado vinavunjika kwa sauti. Na kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kutokukwambia inavyopika.

Hukataliwi. Watu wa kwetu hawamnyimi mtu kwa maneno. Ukiuliza unakaribishwa kiti, unajibiwa kwa uso mkunjufu: unatia unga, samli kiasi, sukari kiasi, mayai, iliki, unachoma. Unashukuru, unaaga. Ukifika kwako na kusimama mbele ya unga ndipo unapoona kwamba ulichopewa ni majina ya vitu tu.

Nasema bila kuzunguka: anayetoa pishi la sikukuu nusu, ni bora angesema "silitoi". Angalau aliyeomba angekwenda kuuliza kwingine kabla hajanunua samli.

Lilinipata mimi. Mwaka niliohamia Dar es Salaam kuanza kazi, nilimwomba mama mmoja pishi la vileja, kwa kuwa nilivila kwake nikavipenda kuliko vyote nilivyowahi kula. Akanipa kwa moyo mweupe, nilivyodhani. Unga wa mchele kilo moja, samli nusu kilo, sukari nusu kilo, mayai, iliki ya kutosha. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa. Samli ya mshahara wa kwanza nikaiyeyusha, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisiiyeyushe, nikachanganya, nikaviringa, nikachoma. Vilitandaa kwenye trei mpaka vikaungana, vikawa bamba moja lililotota mafuta. Usiku ule wa kuamkia Idi nilikaa jikoni nikalia.

Mama yangu aliponipigia asubuhi kunipa mkono wa Idi nikamweleza. "Umeyeyusha samli? Mwanangu, samli ya vileja hupigwa na sukari ikiwa imeganda, mpaka iwe nyeupe kama malai. Ndiyo unatia yai, ndiyo unga." Sentensi mbili. Miaka mingi baadaye nilimkuta yule mama akiviandaa kwake, na nikaona kwa macho yangu akianza kwa kupiga samli na sukari, robo saa nzima, mpaka ikawa nyeupe. Alilijua. Aliliacha makusudi.

Wanaotetea mambo haya wana neno lao: mapishi ni mkono. Fulani ana mkono, fulani hana, hata umpe vipimo vya dhahabu. Neno hili lilinisumbua kwa muda mrefu kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mama yangu hajawahi kupima kitu maishani mwake na chakula chake hakijawahi kukosea.

Kwa hiyo miaka michache iliyopita nilikwenda Tanga wiki moja kabla ya Idi, nikiwa na mizani ndogo ya jikoni kwenye mkoba. Nilisimama naye jikoni siku tatu. Kila alipochota kitu kwa kiganja nilimshika mkono nikamwomba akimimine kwanza kwenye mizani. Alichukia. "Unanichelewesha, hamira haina subira." Nikamwomba radhi, nikaendelea. Kiganja chake cha kwanza cha sukari kilikuwa gramu 58. Cha pili 61. Cha tatu 59. Nikamwonyesha, akavaa miwani, akaitazama ile mizani kimya. Kisha akachota tena mwenyewe, bila kuombwa, akaweka. Ikasoma 60.

Mkono ndio huo. Ni kipimo kilichokaa kwenye nyama na mifupa kwa miaka 50 ya kurudia, na kipimo kinaweza kuhesabiwa, kikaandikwa, akapewa mtu mwingine. Wazee wetu hawakuwa watu wa kukisia. Walikuwa na kibaba cha kupimia nafaka, walikuwa na kipimo ambacho nacho huitwa pishi, cha vibaba vinne, na siku hiyo hiyo ya Idi, kabla ya swala, kila nyumba hutoa zaka ya fitri kwa kipimo cha pishi moja kwa kila kichwa. Hakuna anayetoa zaka kwa "kiasi".

Lakini namba peke yake nazo hazitoshi, na hapa ndipo wengi wanaoandika mapishi siku hizi wanapomwacha mpishi njiani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi haikai mahali pamoja. Mwaka mmoja inaangukia kwenye joto la Februari, samli imelainika kwenye kopo na lazima uiweke kwenye friji kwanza. Miaka mingine inakuja na masika, unga unavuta unyevu, jua la kukaushia hakuna. Na hata siku moja haifanani kila mahali: rojo la mkate linaloumuka Tanga kwa saa moja, kwa binamu yangu Lushoto, kwenye baridi ya milimani, linataka saa mbili na nusu, tena ukiliweka karibu na jiko. Ukimwambia "saa moja" tu, umempa mkate mgumu. Lazima umpe kipimo, na umpe dalili.

Basi huu ndio mkate wa kumimina wa mama yangu, na kila dalili yake.

Mchele vikombe viwili, uoshe mpaka maji yawe safi, uroweke usiku kucha. Asubuhi uchuje maji yote. Punje ukiibana kwa ukucha ikatike bila ubishi. Saga kwa tui zito kikombe kimoja na nusu, lile la mkamuo wa kwanza, pamoja na hamira kijiko kimoja cha chai na iliki punje kumi ulizozimenya na kuzitwanga. Usitie tui lote kwa mpigo, anza na kikombe kimoja, mengine ongeza kidogo kidogo, kwa kuwa mchele mpya haunywi sawa na wa zamani. Saga mpaka tone ukilisugua kati ya vidole viwili usisikie chenga. Chenga ikibaki, mkate utakuwa na mchanga mdomoni na hakuna kitakachouokoa.

Funika, uache uumuke. Ukiona umepanda maradufu na juu umejaa mapovu madogo, hapo ndipo unatia sukari, kikombe kimoja kasoro robo, na ute wa yai moja. Hii ndiyo hatua ambayo watu huificha. Wengi hutia sukari tangu mwanzo, wakati wa kusaga. Sukari nyingi huidhoofisha hamira, na ikiyeyuka hulegeza rojo, kwa hiyo mwanzoni unaona rojo zito, unaongeza tui, na baadaye linakuwa maji. Mama huitia mwisho, akikoroga taratibu kwa upande mmoja, halafu anauacha tena dakika kumi au kumi na tano mpaka mapovu yarudi. Usiuache ukapitiliza. Ukiona katikati umeanza kubonyea, umeshachelewa, na harufu itakuwa imeelekea kwenye uchachu.

Sufuria ipate moto kwanza, uipake samli mpaka ubavuni, ndiyo umimine. Lazima ilie unapomimina. Isipolia, mkate utashika. Moto wa chini uwe wa wastani. Usifunike bado, subiri matundu yatokeze juu, yaanze pembeni yaje katikati, na ukingo uanze kukauka. Hapo funika, punguza moto wa chini, palia makaa juu ya mfuniko. Mwenye oveni aanze juu ya jiko vivyo hivyo kwa dakika kama tano, kisha aingize kwenye nyuzi 180 mpaka juu upate rangi ya asali. Kijiti kikitoka kikavu, tayari. Uache upoe kabla hujaugeuza.

Hakuna nilichobakiza.

Kuna kitu kingine kinachopotea njiani hata mtoaji akiwa na nia njema, nacho ni majina. Mwishoni mwa Desemba 2000 Idi na Krismasi zilipishana kwa siku chache tu, na mtaa wetu ulikula kwa wiki nzima. Jirani yetu mmoja, mama aliyekuja Tanga kutoka bara, alileta pilau la Krismasi kwenye bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cha kutarizi. Pilau lilikuwa la manjano, rangi ya ua la boga. Mama alishukuru, tukala, na tulipomaliza akanituma nikamwite.

Kumbe aliambiwa atie "binzari" vijiko viwili. Kwao binzari ni ile ya unga, manjano. Aliyempa pishi alikuwa na maana ya bizari nyembamba, ile ya punje ndefu ambayo Unguja huiita uzile na ambayo bila yake pilau si pilau. Mama hakumweleza sana. Alimkalisha kwenye kibao, akamwekea mkononi punje za bizari, mdalasini, karafuu na pilipili manga, akamwambia anuse moja moja. Halafu akakaanga vitunguu mbele yake mpaka vikawa kahawia kabisa, na kumwonyesha kwamba rangi ya pilau inatoka humo. Siku tatu baadaye, Idi ilipofika, pilau la yule mama liliingia kwenye sinia moja na letu na hakuna mgeni aliyejua lipi ni la nani. Bakuli lake lilirudi kwake na vileja ndani, kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Nampigia mfano huu kila anayeniambia kwamba ukitoa pishi lako unapunguza jina lako. Mama yangu alilitoa lake lote kwa mtu aliyekuwa ukuta kwa ukuta naye, na mpaka leo watoto wa yule jirani, watu wazima wenye familia zao, wakipika pilau huliita pilau la Mama wa Ngamiani.

Nawatoa watu wa aina moja tu katika lawama hii: wanaopika kwa kuuza. Mwanamke anayesomesha watoto kwa ndoo za visheti na oda za kaimati ana haki ya kulifunga pishi lake kama fundi anavyofunga sanduku lake la vifaa. Ukimwomba, akikataa, nunua. Lakini shangazi anayepika mara moja kwa mwaka kwa ajili ya wajukuu, ambaye binti wa kaka yake anamwomba amfundishe naye anajibu "utajua ukikua", huyo simwelewi. Binti ana miaka 30. Shangazi ana sukari na shinikizo la damu. Wanangojea nini?

Yule msichana aliyeolewa juzi hakupiga mara moja. Alipiga mara nne. Ya kwanza kuuliza hamira, ya pili kuniambia umepanda, ya tatu kuniuliza kama kikombe chake cha chai ndicho kikombe ninachosema mimi. Ya nne ilikuwa usiku wa kuamkia Idi, saa tano na nusu, mwezi umeshatangazwa, mimi mwenyewe mikono imejaa unga wa vileja. Aliweka spika. Nikamsikia akipumua karibu na simu.

"Dada, nimemimina. Umelia."

"Vizuri. Matundu?"

"Pembeni yameshatoka. Katikati bado." Akanyamaza. Nikaosha mikono nikimngoja. "Haya, yanakuja. Yanakuja katikati. Nifunike?"

"Ukingo umekauka?"

"Umekauka."

"Funika, mdogo wangu. Palia makaa."

Nikasikia mfuniko ukikaa juu ya sufuria, kisha koleo likigonga jiko.